Kisu Kilichohesabu Miaka: Tohara Chini ya Mlima Meru

Mzee wa Kiarusha wa Kiranyi au Olturumet ukimuuliza alizaliwa mwaka gani, huenda akakujibu kwa rika: yeye ni Seuri, mdogo wake Makaa, mwanawe wa kwanza Landisi. Mwaka wa kuzaliwa ni habari ya kitambulisho cha taifa na kadi ya kupigia kura. Utu uzima wake ulianza kuhesabiwa alfajiri ile alipoketi juu ya ngozi, akamwagiwa maji ya baridi, na ngariba akainama mbele yake.

Waarusha walianza kuikalia miteremko ya Mlima Meru miaka ya 1830, wakitokea Arusha Chini, kusini mwa Moshi. Ni wakulima wa migomba na mahindi, lakini lugha yao ni Kimaa, na kalenda yao ya jando inafuata ile ya Wamaasai wa Kisongo. Majirani zao Wameru wanasema lugha iliyo ndugu ya Kichaga cha Machame. Hata hivyo, katika karne ya 19 nao waliingia kwenye mfumo wa marika wa Waarusha. Hivyo ndivyo vijana wa lugha mbili walivyojikuta wakienda vitani kama kikosi kimoja.

Kikosi hicho kilikuwa cha rika la Talala. Oktoba 1896 wapiganaji hao waliwaua wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, huko Akeri, katika nchi ya Wameru. Kapteni Johannes akaja na askari wa Kijerumani pamoja na wapiganaji wa Kichaga. Wakachoma nyumba, wakafyeka migomba, wakaswaga ng'ombe. Miaka michache baadaye wenyeji walitumikishwa kwa shuruti kujenga boma la Wajerumani, lile ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, katikati ya jiji la Arusha. Watalii hupita hapo kutazama wadudu na mafuvu. Wachache huuliza mawe yale yalibebwa na nani.

P. H. Gulliver, mwanaanthropolojia aliyeishi na Waarusha katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1963, aliona kwamba tohara huku haikuwa shughuli ya baba na mwanawe peke yao. Msimu ulifunguliwa na kufungwa kwa kuwatazama Wakisongo. Kila rika lilikuwa na pande mbili, waliotahiriwa kwanza wakaitwa wa kulia, waliofuata wakaitwa wa kushoto. Aliyekuwa mdogo mno msimu ulipofungwa alilazimika kusubiri miaka, akiitwa layoni, hata kama sauti imeshakuwa nzito na ndevu zimeanza. Kwa hiyo ile ambayo hospitali inaiita tohara ya mtu mzima haikuwa ajabu huku.

Katika desturi ya Kimaasai, maji ya kumwagia kijana hulazwa nje usiku kucha yakiwa na shoka ndani yake. Yanaitwa engare entolu, maji ya shoka. Yana baridi ya kutia ganzi kidogo, ingawa hakuna mzee atakayekubali kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Kijana hapepesi jicho. Akitikisika, aibu ni ya ukoo mzima, na hapo jamaa wamesimama wakimtazama usoni, si kule kisu kilipo. Anapoendelea kupona huvaa nguo nyeusi, hujipaka chokaa usoni na kutembea na wenzake kando ya barabara. Msimu ukiwa wazi, Desemba utawaona kwenye njia ya kwenda Monduli, na magari ya watalii yakipunguza mwendo.

Jambo moja huwashangaza madaktari wageni: ukataji wa kimila wa Kimaasai hauondoi govi lote. Sehemu ya ngozi huachwa ikining'inia chini ya kichwa cha uume. Wakikuyu nao walikuwa na desturi hiyo, wakiiita ngwati.

Wasichana nao walikuwa na kisu chao. Hicho hakina utetezi wowote wa kitabibu, na kuwakeketa walio chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998.

Kwa wanaume, kisu kiliingia hospitali taratibu. Leo familia nyingi za mjini humpeleka mvulana kwenye zahanati au hospitali, akachomwa sindano ya ganzi, akashonwa, kisha sherehe ikafanywa nyumbani. Hapo katikati yalikuja majaribio ya Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, yaliyoonyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Machi 2007. Kampeni ya Tanzania ilielekezwa mikoa isiyo na mila ya jando, kama Iringa na Shinyanga. Arusha haikuwa mstari wa mbele, kwa kuwa wanaume wake wengi walikwishatahiriwa.

Lakini Arusha ni jiji la wahamiaji. Msukuma aliyekuja kufanya biashara ya nafaka hutaniwa kijiweni kwa sababu ya govi, na utani huo huwafikisha wengine kliniki kabla ugonjwa haujawafikisha. Kitabibu, govi linalorudi nyuma bila shida na kuoshwa kila siku halidai kisu. Lakini zipo hali zinazokidai. Govi linaweza kubana hata lisifunuke kabisa, mkojo ukatoka kwa shida au tendo la ndoa likawa maumivu. Hapo daktari huanza na krimu yenye steroidi, na wengi hupona nayo. Ngozi ikishakuwa nyeupe na ngumu kama kovu, krimu huwa haitoshi tena na tohara ndiyo tiba. Vivyo hivyo kwa uvimbe wa kichwa cha uume unaorudi kila baada ya muda, ingawa mtaalamu makini hupima kwanza sukari kwenye damu: kisukari kisichojulikana wakati mwingine hujitangaza hapo.

Dharura yenyewe ni govi lililovutwa nyuma likanasa. Huweza kutokea baada ya tendo, au mgonjwa akishawekewa mpira wa mkojo na mhudumu akasahau kulirudisha. Kichwa huvimba, damu haipiti. Daktari huukamata uvimbe kwa kiganja, akaubana polepole kwa dakika kadhaa mpaka maji yatoke, kisha husukuma kichwa ndani kwa vidole gumba huku vidole vingine vikivuta ngozi mbele. Ikishindikana, hupasua kidogo utepe unaobana. Tohara husubiri siku nyingine, uvimbe ukishapungua.

Kwa hiyo msomaji, likinasa usingoje asubuhi wala usimpigie simu ngariba. Nenda Mount Meru, Selian, Nkoaranga au hospitali yoyote iliyo karibu, usiku huohuo.