Bwawa la Nyuma ya Uwanja

Mtaani kwetu, nyuma ya uwanja wa mpira, kuna bwawa. Lilichimbwa lipokee maji ya mvua yasiingie vyumbani mwa watu. Masika iliyopita mdogo wangu aliugua malaria mara mbili. Kwenye mkutano wa mtaa mzee mmoja akasimama, akasema, "Mwageni oili chafu humo, mbu watakoma!" Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Usiku nikajiuliza: hivi wazo hili lilianzia wapi?

Kumbe lina zaidi ya miaka mia. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, India, daktari Mwingereza Ronald Ross aliona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu. Kabla ya hapo wengi waliamini homa ile huletwa na hewa mbaya ya vinamasi. Mwaka 1901 Ross alikuwa Freetown, Sierra Leone, vibarua wakifukia madimbwi ya mitaani na kumwaga mafuta kwenye yaliyobaki. Viluwiluwi hupumua juu ya maji. Wakikuta utando wa mafuta wanakosa pumzi. Huku kwetu, enzi za mkoloni, Bwana Afya naye alipita akikagua maji yaliyotuama.

Kisha ikaja DDT. Paul Müller wa Uswisi aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Dunia ikadhani kazi imekwisha. Wapi! Mbu wakaizoea, na mwaka 1962 Mmarekani Rachel Carson akaeleza katika kitabu chake jinsi sumu za wadudu zinavyofika hadi kwa ndege na samaki.

Ndipo nilipoiona kasoro ya yule mzee. Oili haichagui. Inaua viluwiluwi, inaua na samaki wadogo na watoto wa kerengende wanaowala. Oili ikishasambaa na maji, mbu anarudi kutaga. Kwa joto letu, yai huwa mbu kamili katika wiki moja au mbili tu, na safari hii hakuna wa kumla. Oili yenyewe mvua inaipeleka mtoni.

Je, bila dawa inawezekana? Tuanze Makunduchi, Unguja. Mwaka 1988 vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa chembe nyeupe za plastiki nyepesi, jamaa wa zile zinazowekwa kwenye maboksi ya redio. Zikaelea, zikafunika maji. Mbu wanaoeneza matende wakapungua mno, huku wananchi wakipewa vidonge. Lakini bwawa la wazi si choo. Mvua ingezizoa zote.

Twende Kisii, Kenya. Watafiti walitia sato kwenye mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa. Walipotoa matokeo mwaka 2007, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94 katika wiki 15. Tena ni samaki wa kuliwa! Ila sato wanataka maji yasiyokauka, na majani ya ukingoni yafyekwe, maana viluwiluwi hujificha humo.

Mwisho turudi Dar es Salaam. Kati ya 1988 na 1996 Japani ilisaidia mradi wa kupambana na malaria, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuzibua mifereji ya jiji. Mradi ukaisha. Mifereji mingi ikaziba tena, kwa mchanga na kwa taka tulizotupa wenyewe. Hapa ndipo historia inaponichoma. Jembe lilikuwepo, mkono wa kulishika kila msimu haukuwepo.

Basi, kwenye mkutano uliofuata nilinyoosha mkono. Nikasema tuzibue mfereji wa kutokea ili maji yashuke, tufyeke ukingo, tuzuie takataka mlangoni mwa bwawa, na pale panapobaki maji mwaka mzima tuwaulize wataalamu wa uvuvi kuhusu sato. Yule mzee akaguna: "Na nani atafyeka mwezi wa nne?"

Swali zuri. Nilijiandika wa kwanza. Tuko kumi na mmoja sasa, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mzee mwenyewe ndiye mtunza mafyekeo.

Vijana wenzangu, hasa nyie mnaotaka kuandika kama mimi: historia niliyosoma shuleni ilijaa wafalme na vita. Ulizeni na ya dimbwi la mtaani kwenu, kabla hamjapiga makofi.