Mtoto wa kupokelewa na mnyama wa kuokolewa: namna gani mmoja anamsaidia mwingine

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Uvira, Bunia ao Butembo, kuko mtoto mwenye hakuzaliwa pale. Wengine walipotezana na wazazi siku ya kukimbia vita. Wengine wametoka katika vikundi vyenye kumiliki silaha. Wengine walikuwa maibobo wa sokoni, ao walifukuzwa kwao sababu watu waliwaita walozi. Mama wa nyumba anamupa mtoto kitanda, sahani na uniforme ya masomo. Kisha miezi miwili mama anaanza kulalamika: "Huyu mtoto hasikii, hasemi, anapiga wenzake, usiku anatoka." Saa ingine ni mtoto mwenyewe anaondoka, bila kuaga mtu.

Kuko njia moja yenye imejaribiwa katika inchi mbalimbali kwa watoto wa namna hiyo, zaidi wale wa miaka 12 mpaka 17: kumkabizi mtoto mnyama mwenye anahitaji msaada. Mnyama mwenye kuumia, mwenye kuachwa, ao mwenye kubaki bila mama. Njia hii haiponyeshi kila kitu, lakini inastahili kujulikana vizuri, pamoja na hatari zake.

Jamaa ya kupokea ni nini?

Jamaa ya kupokea ni nyumba yenye inakubali kuchunga mtoto wa wengine kwa muda, wakati wazazi wake wanatafutwa ao nyumba ya kudumu haijapatikana. Watu wa mashirika wanaiita "FAT", kwa Kifaransa famille d'accueil transitoire. Katika Kongo, sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema kwamba mtoto ni kila mtu mwenye hajafikisha miaka 18. Inaweka mtoto mwenye kuachwa, mwenye kutangatanga na mwenye kushitakiwa ulozi kati ya wale wenye haki ya ulinzi wa pekee. Sheria hiyohiyo ndiyo ilileta tribinali ya watoto.

Lakini zamani kabla ya sheria, watu wa kwetu walikuwa wanapokea watoto. Mtoto wa ndugu, mtoto wa jirani, mtoto wa mtu wa kijiji moja. Leo vita imeongeza hesabu, na mara nyingi mtoto anaingia katika nyumba ya watu wenye hawajui hata jina la baba yake. Hapo ndipo magumu yanaanza.

Juu ya nini mtoto anakuwa mkali?

Mtoto mwenye ameachwa mara moja anaogopa kuachwa mara ya pili. Ile woga haisemi kwa kinywa, inasema kwa matendo. Anavunja kikombe ili aone kama watamfukuza. Anaficha chakula chini ya godoro, ijapo kila siku anakula. Anakataa kushikwa mkono. Yule mwenye alibeba silaha anajua kutoa amri na kupokea amri, lakini hajui tena namna ya kuomba kitu kwa upole.

Watu wazima nao wanamuuliza maswali: Ulitoka wapi? Ulifanya nini kule? Wazazi wako walikufa namna gani? Kila swali ni kama kugusa kidonda. Mnyama hamuulizi kitu. Hajui kama huyu mtoto aliitwa mulozi ao muasi. Anajua tu mkono wenye kumpa majani na mkono wenye kumpiga. Kwa mtoto mwenye kuhukumiwa na kila mtu, hiyo ni kama pumziko.

Kisha kuko jambo lingine lenye uzito zaidi. Mtoto wa kupokelewa anaishi kwa kupewa: chakula cha kupewa, nguo za kupewa, kitanda cha kupewa. Anajiona kama muzigo. Siku mbuzi mdogo anabaki hai sababu yeye aliamuka usiku kumnyonyesha na chupa, mtoto anavumbua kwamba na yeye anaweza kutoa. Hapo anaanza kuwa mtu wa nyumba.

Njia hii ilitoka wapi?

Katika mji wa York, Uingereza, mwaka 1796 jamaa ya William Tuke ilifungua nyumba ya kutunza wagonjwa wa akili bila minyororo. Katika viwanja vyake walifuga wanyama wadogo kama vile sungura na kuku, ili wagonjwa wapate kitu cha kuhangaikia.

Katika Marekani, munganga wa roho za watoto jina lake Boris Levinson alikuwa na mbwa mwenye kuitwa Jingles. Siku moja mtoto mwenye alikuwa hataki kuongea na mtu alifika mbele ya saa, akamkuta mbwa ndani ya chumba cha kazi. Mbwa akamkimbilia, mtoto akaanza kumpapasa. Kupitia yule mbwa, munganga akapata mlango wa kuongea na mtoto. Levinson aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1962. Wenzake wengine walimcheka, lakini leo anahesabiwa kati ya wale wa kwanza wenye kuleta wanyama katika matunzo ya watoto.

Mwaka 2015, wachunguzi wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenyeji wake wakiangaliana kwa macho, ndani ya mwili wa wote wawili inaongezeka oksitosini. Ni ile ambayo mwili wa mama unatoa wakati wa kunyonyesha mtoto.

Shamba la Brewster

Mfano wenye kujulikana sana uko karibu na Brewster, katika jimbo la New York. Pale kuko shamba lenye kuitwa Green Chimneys. Samuel Ross na jamaa yake walilianzisha mwaka 1947, kwanza kama masomo ya watoto wadogo wenye kuishi palepale na wanyama wa shamba. Kisha miaka, kazi ikageuka: wakaanza kupokea watoto wenye magumu ya roho na ya tabia. Kati yao, wengi walitumwa na ofisi za serikali zenye kuhusika na watoto wenye hawawezi kuishi kwao.

Pale mtoto hapewi mnyama kama zawadi ya kuchezea. Anapewa kazi: kuosha kizimba, kupima chakula, kubadilisha maji, kuangalia kama kidonda kinapona. Kuko farasi, mbuzi, kondoo, na pia ndege wa pori wenye kuumia, kama vile bundi na mwewe, wenye watu wanaleta ili watunzwe. Ndege akipona, anaachiliwa arudi porini. Wale wenye hawawezi tena kuruka wanabaki na kutunzwa mpaka mwisho.

Hapo kuko masomo mawili kwa mtoto. La kwanza: kiumbe mwenye kuumia anaweza kupona. La pili: yule mwenye hataweza kupona kabisa, yeye pia ana nafasi. Mtoto anasikia yale mambo kwa mikono yake, bila mtu kumhubiri.

Wachunguzi wanakubali kwamba faida haionekani kwa kila mtoto, na kwamba mnyama hachukui nafasi ya mtu mzima mwenye kupenda mtoto. Kazi yake ni kufungua mlango tu.

Wanyama yatima wa hapa kwetu

Mashariki ya Kongo inajua vizuri mambo ya kulea yatima wa pori. Lwiro, katika teritware ya Kabare, kuko kituo cha CRPL chenye kilianzishwa mwaka 2002 na ICCN pamoja na CRSN. Kinatunza sokomutu zaidi ya 100, pamoja na nyani na kima wengi, wenye walinyanganywa kwa wachuuzi na wawindaji. Kasugho, katika teritware ya Lubero, kituo cha GRACE, chenye kilianzishwa mwaka 2009, kinalea gorila wa mabonde. Na Rumangabo, kituo cha Senkwekwe kina jina la gorila dume mwenye aliuawa mwaka 2007 katika hifadhi ya Virunga.

Mwaka huohuo wa 2007, walinzi wa hifadhi walimkuta Ndakasi, gorila wa miezi miwili, akishikilia mwili wa mama yake mwenye kuuawa. Usiku wa kwanza, mlinzi André Bauma alimweka kwenye kifua chake ili apate joto. Ndakasi aliishi miaka 14, na tarehe 26 Septemba 2021 akafia mikononi mwa Bauma.

Walezi wa vituo hivyo wanafanya mambo yenye kufanana na ya mama wa kupokea. Mdogo mwenye kufika hatupwi moja kwa moja kati ya wengine. Kwanza anawekwa peke yake kwa muda juu ya magonjwa, na mlezi mmoja anabaki naye muchana na usiku. Kisha anajulishwa kwa kundi polepole. Anakula kidogo, anaogopa, saa ingine anauma mlezi, na mlezi harudishi pigo. Mwaka 2024 gorila jike wanne wenye walilelewa Kasugho waliachiliwa katika mlima Tshiaberimu, ndani ya Virunga. Wote walifika kituoni wakiwa yatima.

Mtoto mwenye kusikia habari hizo anaweza kujitambua ndani yake bila kulazimishwa kusimulia habari zake mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu ao mama wa kupokea anaweza kuzitumia kama mwanzo wa mazungumzo.

Mbuzi ni wa nani?

Hapa jambo moja linapashwa kusemwa waziwazi. Katika vijiji vyetu, mtoto wa kupokelewa kupewa mbuzi wa kuchunga si jambo jipya. Mara nyingi ni utumwa. Watoto wa nyumba wanaenda masomo, yeye anaenda na mbuzi kwenye kilima mpaka magaribi. Mbuzi akipotea, anapigwa. Hiyo haina uhusiano na matunzo yenye yanaelezwa hapa, ijapo kwa macho inafanana.

Tofauti inajulikana kwa maswali matatu. Je, mtoto anaenda masomo kama wengine? Je, kazi ya mnyama inaisha kwa muda mfupi, asubuhi na mangaribi? Na mnyama akizaa, kuko mdogo mmoja mwenye kuwa wake kabisa?

Swali la tatu ndilo lenye nguvu. Katika Bushi, desturi ya bugabire inajulikana: mtu akikupa ng'ombe, ninyi wawili mmefungana kwa uhusiano, sio kwa mali tu. Mtoto mwenye kupewa mbuzi ao dende kwa jina lake, mbele ya jamaa yote, anaelewa ujumbe huo haraka. Watu hawampi mali mtu mwenye wanataka kufukuza kesho.

Ndiyo maana kuchinja mnyama wake siku ya sikukuu bila kumwambia ni kosa kubwa. Kwa jamaa ni mboga tu. Kwa mtoto ni kupoteza tena, na mwenye kumpoteza ni yule yule alimwambia "hapa ni kwenu". Kama njaa ao deni inalazimisha, aulizwe, aelezwe, na apewe nafasi ya kusema ndiyo ao hapana.

Mambo ya kuchunga

Wanyama wa pori hawaingii katika nyumba. Kufuga sokomutu, gorila ao mnyama mwengine wa kulindwa ni kosa mbele ya sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa asili. Tena, ili kukamata mdogo mmoja, wawindaji wanaua mama na saa ingine wengine wa kundi. Mwenye kuona mdogo anauzwa asimnunue hata kwa huruma, sababu muuzaji atarudi porini kutafuta mwengine. Apashe habari kwa ICCN.

Mtoto asiguse mnyama wa pori mwenye kugonjwa ao kukufa, juu ya mpox, Ebola na magonjwa mengine. Kama mbwa ao kima anamuma, kidonda kioshwe palepale na maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikianza kuonekana katika mwili, mara karibu zote kinaua.

Kama mtoto anatesa wanyama, asiachwe peke yake na mnyama hata mara moja. Asiitwe shetani. Hiyo inaweza kuwa alama kwamba naye aliteswa, na anahitaji mtu mwenye kusomea mambo ya roho.

Namna ya kuanza

Jamaa yenye mali kidogo inaweza kuanza na dende, sungura ao kuku mmoja mwenye mguu wa kuvunjika. Dende hawaombi mahali pakubwa: wanakula majani na maganda, wanazaa haraka, na mtoto anaweza kuwachunga hata ndani ya kambi ya wakimbizi.

Kwanza mtoto aulizwe kama anataka, sababu kulazimisha kunaharibu yote. Kisha achague mnyama na ampe jina yeye mwenyewe. Siku za kwanza mtu mzima afanye kazi pamoja naye, bila maswali mengi. Watu wenye mikono katika kazi wanaongea wenyewe, saa yenye wanataka. Mnyama akikufa, wamzike pamoja. Na siku mtoto atarudi kwa wazazi wake, mnyama wake aende naye, ao mmoja wa wadogo zake.

Mwenye kukuta mtoto bila jamaa, ao mwenye anaona nguvu zimemwishia na mtoto mwenye amepokea, asimrudishe barabarani. Aende kwa shefu wa kartiye ao kwa ofisi ya Mambo ya Kijamii ya teritware yake, aombe asistanti sosiali. Kuomba msaada mapema kunaokoa nafasi ya mtoto katika nyumba ile.