Gango, Kiango na Taruma: Historia Fupi ya Majina ya Vishikio vya Mabomba ya Joto

Utangulizi

Kata ya Msimbu, katika Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, haitajwi sana katika vitabu vya ufundi. Hata hivyo, mwananchi wa sehemu hizo za Uzaramo, zilizo jirani na Kibaha, amezungukwa na mitambo ambayo haiwezi kufanya kazi bila ya kuhamisha joto kwa njia ya mabomba ya chuma au ya shaba. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, inapita Pugu, Soga na Ruvu. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, inaikatiza Wilaya ya Kisarawe. Huko Kinyerezi, upande wa Dar es Salaam, umeme hufuliwa kwa gesi. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Pugu, Soga na Ruvu ikielekea Morogoro.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi lugha ya Kiswahili ilivyopata majina ya mabomba hayo, na jinsi ilivyochelewa kuvipa majina thabiti vitu vinavyoyashika. Hoja yetu ni moja: Kiswahili cha Pwani kina maneno matatu ya zamani, yaani gango, kiango na taruma, ambayo yanatenganisha namna tatu za kushika. Mfasiri anayeyachanganya maneno hayo, au anayeyaacha yote na kutumia neno moja kwa kila kishikio, anaweza kumpotosha fundi na kuharibu mtambo.

Bomba, neli na bwela

Neno bomba tumelipata kwa Wareno. Kwao lina maana ya chombo cha kuvutia maji, na maana hiyo imebaki kwetu tunaposema bomba la sindano au bomba la baiskeli. Baadaye neno hilo lilipanuka likawa jina la njia ya maji yenyewe, hata la mahali tunapochotea maji. Neli ni neno jingine, nalo linafanana na nali ya lugha za Bara Hindi, yenye maana ya mwanzi au njia nyembamba yenye uwazi ndani. Mrija ni neno letu wenyewe. Kwa hiyo kwa upande wa kitu kinachopitisha, lugha haikupungukiwa na maneno.

Kwa mtambo mkubwa wa kuchemshia maji ili kupata mvuke, kamusi zina neno bwela, na mafundi wengi husema boila. Bwela la garimoshi ni mfano bora wa mtambo wa kuhamisha joto. Moto na moshi hupita ndani ya mabomba, maji huyazunguka kwa nje, na vitu hivyo viwili havichanganyiki. Garimoshi la Stephenson la mwaka 1829, lililoitwa Rocket, lilikuwa na mabomba 25 ya shaba yenye kipenyo cha inchi 3 kila moja. Katika miaka ile ile Marc Seguin wa Ufaransa alikuwa na wazo kama hilo. Sababu ya kuongeza idadi ya mabomba ni rahisi kufahamika: kadiri eneo la chuma linalogusa moto upande mmoja na maji upande wa pili linavyokuwa kubwa, ndivyo joto linavyohama kwa haraka.

Wengine huuita mtambo wa namna hii kibadilisha joto. Sisi hatuoni kwamba jina hilo linatosha, kwa kuwa joto halibadilishwi likawa kitu kingine; linahama kutoka kwenye moto na kuingia katika maji. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tutatumia jina kihamishio cha joto. Rejeta ya gari ni kihamishio cha joto. Bwela nalo ni kihamishio cha joto.

Kwa nini bomba lishikwe

Bomba lililo ndani ya kihamishio cha joto lina maadui wawili. Adui wa kwanza ni kurefuka. Chuma cha pua kinapopata joto hurefuka kwa takriban sehemu 12 katika kila milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Maana yake ni kwamba bomba la mita 5 likipandishwa joto kwa nyuzi 200 hurefuka kwa milimita 12, yaani upana wa kidole. Shaba hurefuka zaidi. Bomba lililobanwa pande zote, lisipate nafasi ya kurefuka, hupinda au huchomoka katika tundu lake.

Adui wa pili ni mtikisiko. Kila mtu aliyesafiri kwa jahazi amesikia kamba zikivuma katika upepo. Mwaka 1878 mwanafizikia Strouhal alionyesha kwamba mvumo wa waya katika upepo hutegemea mwendo wa upepo na unene wa waya. Hali ni hiyo hiyo kwa bomba lililokatizwa na maji, mvuke au gesi yenye mwendo mkali: hutikisika. Likitikisika hugonga kitu kilicho karibu nalo, hulika kidogo kidogo, na mwisho hutoboka.

Hapa ndipo ugumu wa kushika unapoonekana. Ili kumzuia adui wa pili, bomba lazima lishikwe. Ili kumzuia adui wa kwanza, bomba lazima liachwe lisogee. Ndiyo maana wahandisi hugawanya kazi hiyo. Katika kihamishio cha kawaida, ncha za bomba hutanuliwa ndani ya matundu ya bamba nene mpaka ziking'ang'anie chuma cha bamba. Katikati, bomba hupitishwa katika mabamba mengine yenye matundu mapana kidogo kuliko bomba lenyewe, kwa milimita 0.4 hadi 0.8 hivi. Kwa kanuni inayotumiwa sana na watengenezaji, bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 19 halitakiwi kuachwa zaidi ya mita 1.5 hivi bila ya tegemeo; la aloi za shaba halizidi mita 1.3 hivi.

Safari ya neno taruma

Tukiuliza Kiswahili kimepata wapi neno la kitu kinachokatiza vitu virefu na kuvishika katika nafasi zake, jibu linaanzia baharini. Kwa waundaji wa vyombo, mataruma ni mbao zinazokatiza chombo kwa ndani na kukipa nguvu. Taruma si ubao wa kufunika, wala si msumari. Ni kitu kinachozifanya mbao ndefu za ubavuni zikae mahali pake pasipo kupoteza umbo.

Reli ilipokuja, watu wa Pwani waliona vyuma viwili virefu vimelazwa juu ya vipande vingi vilivyokatiza chini yake. Wakaviita vipande hivyo mataruma. Inafaa msomaji aizingatie hatua hiyo. Mataruma ya jahazi yalikuwa ya mti. Mataruma ambayo Wajerumani waliyatandika katika Reli ya Kati yalikuwa kwa sehemu kubwa ya chuma. Mataruma ya reli mpya ya kisasa ni ya zege. Vitu vitatu vyenye asili mbalimbali vimepewa jina moja, kwa sababu wananchi waliipa jina kazi inayofanywa, hawakulipa jina umbile wala mali ghafi. Huo ni ustadi wa kuunda istilahi ambao haukungoja kamati yoyote.

Kuna jambo jingine la kutazama katika reli ya zamani. Kati ya kipande kimoja cha reli na kingine paliachwa nafasi ndogo, ili chuma kikipata jua la mchana kiweze kurefuka. Mlio ule wa magurudumu ambao abiria wa zamani wanaukumbuka ulitokana na nafasi hizo. Fundi wa reli, basi, alifahamu siku zote kwamba kushika si lazima kuwe kubana kabisa.

Katika reli hiyo hiyo ilipita meli nzima. Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilifunguliwa vipande vipande ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916, baada ya mitambo yake kupakwa grisi nyingi. Ilipoopolewa mwaka 1924, injini na mabwela yake yalionekana bado yanafaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ujuzi wa mabomba ya mvuke ulikuwa umefika Ziwa Tanganyika, na ulifika kwa mikono ya wafanyakazi wengi waliozungumza Kiswahili.

Gango na kiango

Gango ni neno la ukoo wa kitenzi ganga. Mganga huganga mfupa uliovunjika kwa kuufunga vipande vya mti, na fundi huganga chombo kilichopasuka. Gango ni kitu kinachoviunganisha viwili vikawa kama kimoja. Sifa yake kubwa ni kwamba kilichotiwa gango hakisogei.

Kiango ni kitu cha kuwekea au kutundikia taa, aghalabu kilichopachikwa ukutani au katika nguzo. Kiango hubeba uzito kutoka chini au kutoka pembeni. Taa haikazwi katika kiango. Hukaa juu yake, na huweza kuondolewa au kusogezwa.

Maneno haya matatu yamo katika kamusi zetu kwa maana zake za asili. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilitoa kamusi sanifu za Johnson katika miaka ya 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Kazi ya istilahi za ufundi ilipopamba moto katika miaka ya 1970, juhudi zilielekezwa, na ilikuwa haki, katika mitambo na sehemu zake kubwa. Wakati huo huo TAZARA ilikuwa inajengwa kwa msaada wa China, na injini zake za kwanza zilikuwa za dizeli zinazopitisha nguvu kwa mafuta yenye mgandamizo. Mafuta hayo hupata joto jingi, na hupozwa kwa vihamishio vya joto. Fundi alihitaji jina la kila kitu kilichokuwa mbele yake, hata kishikio kidogo cha bomba.

Hasara ya kishikio kisichofaa

Huenda msomaji akadhani kwamba tunazungumzia jambo dogo. Tutoe mfano kutoka Marekani. Katika kituo cha umeme wa nyuklia cha San Onofre, California, kulikuwa na vihamishio vikubwa vya joto vilivyofungwa vipya, kila kimoja kikiwa na mabomba zaidi ya 9,000. Tarehe 31 Januari 2012 bomba moja lilivuja, kabla kihamishio hicho hakijatimiza mwaka mmoja kazini. Uchunguzi ulionyesha kwamba mabomba, katika sehemu yanapopinda, yalikuwa yakitikisika na kusuguana. Vyuma vilivyowekwa kuzuia mtikisiko viliyazuia kwa upande mmoja, lakini havikuyazuia vya kutosha kwa upande wa pili. Mwezi Juni 2013 mwenye kituo alitangaza kukifunga kabisa. Kituo chenye mitambo miwili mikubwa kilikufa kwa sababu ya vishikio.

Kwetu nyumbani, kituo cha Kinyerezi II, kilichozinduliwa mwaka 2018 na chenye uwezo wa megawati 240 hivi, kinatumia gesi kuzungusha mitambo ya kwanza, kisha moshi wake wenye joto kali hupitishwa kwenye mabomba ya maji ili kupata mvuke wa kuzungusha mitambo mingine. Mabomba hayo hubebwa na vishikio katika moshi huo. Anayeyatunza ni kijana wa Kitanzania, na huenda mwongozo anaosoma umetafsiriwa na mmoja wetu.

Mapendekezo

Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachobeba maana ya kufunga, kukaza, kulinda na kuhakikisha, na kina jina moja linalotumika kwa vishikio vya namna nyingi. Mfasiri anayeandika “kaza bomba” kila akutanapo na kitenzi hicho anamwamuru fundi alinyime bomba nafasi ya kurefuka. Tunapendekeza, basi, kwamba kabla ya kuchagua neno mfasiri aulize swali moja: je, bomba hili linaruhusiwa kusogea, na kwa upande gani?

Kama halisogei hata kidogo, kishikio ni gango, na kitenzi ni kukaza. Kama bomba limelazwa juu ya kishikio kilichotokeza ukutani, nalo linaweza kuteleza kwa urefu wake, kishikio ni kiango, na kitenzi ni kulaza au kubeba. Kama kishikio kinakatiza mabomba mengi na kuyaweka katika nafasi zake, kila moja likiteleza kwa urefu lakini lisiyumbe kwa upana, kishikio hicho ni taruma la mabomba, na kitenzi ni kupitisha. Bamba nene la mwisho, ambamo ncha hutanuliwa, liitwe bamba la ncha.

Pengine patatokea wa kusema kwamba taruma limekwisha kuwa neno la reli. Tunajibu kwamba bomba linabeba maana nyingi zaidi, na hakuna anayechanganya bomba la sindano na bomba la maji. Wala hatukatai maneno ya kukopa. Bolti, nati na rejeta yametufaa. Lakini kukopa neno moja lenye maana tatu, hali tunayo maneno matatu yenye maana moja moja, ni kubadilisha nuru kwa giza. Walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu maneno haya karakanani, na wafasiri wayapime katika miongozo wanayoishughulikia. Neno litakaloshika mikononi mwa mafundi ndilo litakalodumu.