Mgombea wa Badala na Kura za Mashariki: Uchaguzi wa Rais wa 2018 kwa Mtazamo wa Ituri

1.0 Utangulizi

Uchaguzi wa rais uliofanyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tarehe 30 Desemba 2018 ulikuwa na sifa moja isiyo ya kawaida. Wagombea wake watatu wakuu wote walisimama, kila mmoja kwa namna yake, badala ya mtu mwingine. Emmanuel Ramazani Shadary alisimama badala ya Joseph Kabila, ambaye Katiba ilimzuia kugombea tena. Martin Fayulu alisimama badala ya Jean-Pierre Bemba na Moïse Katumbi, ambao walikuwa wamefungiwa njia. Félix Tshisekedi alishika nafasi ya baba yake, Étienne Tshisekedi, aliyefariki Brussels tarehe 1 Februari 2017.

Makala hii inakusudia kuchunguza jinsi badala hao watatu walivyopatikana, na jinsi kila mmoja alivyotarajiwa kuwavuta wapiga kura wasiofungamana, yaani wale ambao hawana chama wanachokipigia kura kwa mazoea na ambao uamuzi wao huweza kugeuka kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine. Wapiga kura wa aina hiyo walikuwa wengi katika majimbo ya mashariki, Ituri ikiwamo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba walioteua walitumia kipimo kimoja na waliopiga kura walitumia kingine. Wateuzi walijiuliza ni nani asiyewatishia. Wapiga kura nao walijiuliza ni nani atakayekomesha hali waliyoichoka. Katika mgongano wa vipimo hivyo viwili, lugha na asili ya mgombea, ambavyo kwa muda mrefu vilidhaniwa kuwa ndio ufunguo wa mashariki, vilipungua nguvu.

2.0 Mashariki katika Chaguzi za 2006 na 2011

Ili kufahamu yaliyotokea mwaka 2018, yafaa kurejea uchaguzi wa 2006. Katika duru ya pili ya uchaguzi huo, Kabila alipata asilimia 58.05 ya kura na Bemba asilimia 41.95. Mgawanyiko wa kura hizo ulikaribia kufuata mpaka wa lugha: maeneo ya Kiswahili yalimwendea Kabila, na maeneo ya Kilingala yalimwendea Bemba. Katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, Kabila alivuka asilimia 90. Ndipo wengi walipohitimisha kwamba mashariki humchagua mtu wa lugha yake.

Hitimisho hilo lina ukweli ndani yake, lakini halikamiliki. Ituri, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Jimbo la Mashariki, ilikuwa na sababu zake zaidi ya lugha. Kati ya Oktoba 2002 na Januari 2003, askari wa MLC, chama cha Bemba, pamoja na washirika wao wa RCD-N, waliendesha katika eneo la Mambasa operesheni iliyoitwa kwa Kifaransa “Effacer le tableau”, yaani “Kufuta ubao”, dhidi ya majeshi ya RCD-K/ML ya Antipas Mbusa Nyamwisi. Raia waliuawa, wakabakwa na kuporwa. Wambuti wa msituni walikuwa miongoni mwa walioteseka zaidi. Kwa mkaazi wa Mambasa, kumkataa Bemba mwaka 2006 hakukuhitaji maelezo ya kiisimu. Ilikuwa kura ya kumbukumbu. Aidha, watu waliokwisha kuona Bunia ikipita kutoka mkono wa kundi moja hadi lingine, mpaka jeshi la Ulaya lilipoingia mjini Juni 2003, walimpigia kura yule waliyemwona kuwa ameleta mwisho wa vita.

Kura ya namna hiyo ni mkopo. Hutolewa kwa matarajio, na mwenye kuitoa hungoja kulipwa. Mwaka 2011, Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 48.95, baada ya Katiba kurekebishwa Januari mwaka huo ili duru ya pili ifutwe. Étienne Tshisekedi alipewa asilimia 32.33. Wa tatu alikuwa Vital Kamerhe, mwenye asilimia 7.74: mtu wa Kivu ya Kusini, msemaji hodari wa Kiswahili, ambaye mwaka 2006 alikuwa mmoja wa wanadi wakuu wa Kabila kabla ya kutofautiana naye na kujiuzulu uspika wa Bunge la Taifa mwaka 2009. Mashariki ilikuwa imeanza kugawanyika, na waliohama upande wa Kabila hawakuwa bado wamepata pa kukaa.

3.0 Mrithi Aliyeteuliwa

Muhula wa pili wa Kabila ulikwisha Desemba 2016 bila uchaguzi kufanyika. Makubaliano ya tarehe 31 Desemba 2016, yaliyosimamiwa na maaskofu wa Kanisa Katoliki, yaliruhusu abaki kwa muda hadi uchaguzi uitishwe. Kwa miezi mingi haikujulikana kama angekubali kuondoka. Tarehe 8 Agosti 2018, siku ya mwisho ya kupokea fomu za wagombea, ilitangazwa kwamba mgombea wa muungano wa FCC angekuwa Shadary.

Majina yaliyokuwa yakitajwa kabla ya siku hiyo yalijumuisha Aubin Minaku, spika wa Bunge la Taifa, na Augustin Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani. Shadary alikuwa katibu wa kudumu wa chama cha PPRD na aliyepata kuwa naibu waziri mkuu anayeshughulikia mambo ya ndani. Kwa kuwa alitoka Maniema, alikuwa msemaji wa Kiswahili. Ikiwa mpaka wa lugha wa 2006 ungalisimama, basi huyo ndiye aliyestahili kuirithi mashariki.

Lakini sifa iliyompa uteuzi ndiyo iliyomnyima kura. Aliteuliwa kwa uaminifu wake. Hakuwa na jeshi lake, wala fedha zake, wala umaarufu wa kumwezesha kumgeuka aliyemteua. Wakati huohuo, uwaziri wake wa mambo ya ndani uliangukia katika kipindi cha kuzimwa kwa maandamano, na Umoja wa Ulaya ulikuwa umemwekea vikwazo tangu Mei 2017. Mpiga kura asiyefungamana, aliyekuwa akitafuta mabadiliko, alimwona Shadary kama mwendelezo wa Kabila kwa jina jingine.

4.0 Geneva: Mgombea wa Pamoja

Upande wa upinzani, kizuizi kilitangulia uteuzi. Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, alizuiwa kuingia nchini katika mpaka wa Kasumbalesa mwanzoni mwa Agosti 2018, hivyo hakuweza kuwasilisha fomu. Bemba, aliyeachiwa huru na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa hukumu ya rufani ya Juni mwaka huo, alienguliwa na Tume ya Uchaguzi (CENI) kwa sababu ya hukumu nyingine, ya kuwahonga mashahidi. Mahakama ya Katiba ikaithibitisha hatua hiyo mwanzoni mwa Septemba. Adolphe Muzito, waziri mkuu wa zamani, naye hakukubaliwa.

Viongozi saba walikutana Geneva mwezi Novemba chini ya usimamizi wa taasisi ya Kofi Annan, ambaye mwenyewe alikuwa amefariki Agosti. Watatu kati yao, Bemba, Katumbi na Muzito, walikuwa na kura lakini hawakuweza kuchaguliwa. Wanne waliobaki walikuwa Tshisekedi, Kamerhe, Fayulu na Freddy Matungulu. Tarehe 11 Novemba 2018 jina lililotoka lilikuwa la Fayulu, na wengi walishangaa. Chama chake cha ECiDé kilikuwa kidogo. Alikuwa mzaliwa wa Kinshasa, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika kampuni ya mafuta ya ExxonMobil kabla ya kuwa mbunge, na hakuwa na ngome yoyote mashariki.

Hapa pia kipimo cha wateuzi chaonekana. Waliozuiwa hawakutaka kumpa nafasi mtu mwenye chama kikubwa ambaye, akishaingia ikulu, hangetoka. Makubaliano yao yalimtaka Fayulu, akishinda, aandae uchaguzi mwingine ndani ya miaka 2 ili wenzake nao wagombee. Mtu asiye na ngome ndiye aliyeweza kuaminiwa kuitimiza ahadi kama hiyo.

Hata hivyo, udhaifu uliomfanya akubalike Geneva uligeuka kuwa nguvu mashariki. Bemba mwenyewe hangaliweza kuja Mambasa kuomba kura bila kuulizwa habari za 2002. Fayulu aliweza, kwa sababu hakuwa na deni hilo. Nyuma yake walisimama Bemba na Mbusa Nyamwisi, ambao majeshi yao yalikuwa yamepigana katika misitu hiyohiyo. Wasingeweza kuungana chini ya mmoja wao. Waliungana chini ya mtu wa tatu. Hii ndiyo faida ya mgombea wa badala ambayo wachambuzi huisahau: huja na kura za wanaomwunga mkono bila kubeba makosa yao yote.

Jina la muungano lilisaidia. “Lamuka” ni neno la Kilingala lenye maana ya “amka”. Msikilizaji wa mashariki hakuhitaji mkalimani, kwani Kiswahili cha Kongo nacho kina kitenzi kulamuka sambamba na kuamka. Neno moja lilivuka mpaka uleule wa lugha ambao mwaka 2006 ulikuwa umeigawa nchi. Kadhalika, Fayulu hakuanzia kampeni yake Kinshasa bali Beni, mji uliokuwa umechoshwa na mauaji tangu 2014 na uliokuwa ukipambana na Ebola. Kwa watu wa Beni, ujio huo ulikuwa na maana kubwa kuliko lafudhi ya mgeni.

5.0 Nairobi: Aliyejiondoa

Umoja wa Geneva haukumaliza siku mbili. Tarehe 12 Novemba, wafuasi wa UDPS waliandamana kumkataa Fayulu, na Tshisekedi akaondoa sahihi yake, Kamerhe akafuata. Tarehe 23 Novemba, wawili hao walitia sahihi makubaliano jijini Nairobi na kuunda muungano wa CACH. Kamerhe alijiondoa katika kinyang’anyiro ili kumpisha Tshisekedi, kwa ahadi kwamba mwaka 2023 zamu ingekuwa yake.

Hesabu ya Nairobi ilikuwa wazi zaidi kuliko ya Geneva. Tshisekedi alikuwa na Kasai na sehemu kubwa ya wafuasi wa baba yake mjini Kinshasa. Alichokosa ni mashariki. Kamerhe alikuwa na sauti mashariki. Alichokosa ni chama chenye mizizi nchi nzima. Hapa kura za wasiofungamana zilitafutwa kwa kuunganisha maeneo mawili, na Kiswahili cha Kamerhe kilikuwa sehemu ya mtaji.

6.0 Sanduku la Kura na Mji Usiopiga Kura

Siku nne kabla ya uchaguzi, tarehe 26 Desemba 2018, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi katika Mai-Ndombe, hazingepiga kura hadi Machi 2019. Sababu zilizotolewa kwa Beni na Butembo zilikuwa Ebola na usalama. Kwa kuwa rais mpya alitazamiwa kuapishwa Januari, zaidi ya wapiga kura milioni moja waliondolewa katika uamuzi wenyewe. Ituri, ambayo nayo ilikuwa na wagonjwa wa Ebola katika eneo la Mambasa, ilipiga kura. Wakaazi wa Beni walijitengenezea vituo vyao, wakanawa mikono, wakapanga foleni, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba kura ina thamani kwa mpigaji hata pale isipohesabiwa.

Matokeo yaliyotangazwa tarehe 10 Januari 2019 yalimpa Tshisekedi asilimia 38.57, Fayulu 34.83, na Shadary 23.84. Maaskofu, waliokuwa na watazamaji wapatao 40,000, walisema matokeo hayo hayakulingana na takwimu zao. Takwimu zilizovuja na kuchapishwa ng’ambo zilimweka Fayulu mbele kwa mbali. Mahakama ya Katiba ilikataa rufani yake, na Tshisekedi akaapishwa tarehe 24 Januari 2019.

Vyovyote ubishi huo utakavyoamuliwa na historia, jambo moja halina ubishi. Mrithi wa mtu aliyepata asilimia 58 mwaka 2006 hakufikia robo ya kura kwa hesabu yoyote ile, hata ile rasmi. Mkopo wa mashariki ulikuwa umeisha, na mgombea wa Kiswahili hakuweza kuukopa upya kwa niaba ya mwingine.

7.0 Hitimisho

Hali hii haikuwa ya Kongo peke yake. Nchini Kenya mwaka 2002, Daniel arap Moi alimteua Uhuru Kenyatta amrithi. Raila Odinga, ambaye angeweza kugombea mwenyewe, alitangaza “Kibaki Tosha”, na Mwai Kibaki akashinda kwa zaidi ya asilimia 60. Huko nako mrithi aliyeteuliwa kwa utii alishindwa, na mgombea wa pamoja akawavuta wasiofungamana. Tofauti ni kwamba Raila hakuondoa sahihi yake siku ya pili.

Funzo hilo halikushika mizizi Kongo. Novemba 2023, wajumbe wa wagombea wa upinzani walikutana Pretoria kutafuta tena mgombea mmoja. Matata Ponyo na Seth Kikuni walimpisha Katumbi, lakini Fayulu aliendelea peke yake. Katika uchaguzi ulioanza tarehe 20 Desemba 2023, Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73. Katumbi alipata takriban 18, na Fayulu takriban 5. Aliyekuwa badala ya wote mwaka 2018, aliposimama kwa jina lake tu, alirudi kwenye kimo chake cha kwanza.

Hivyo basi, nguvu ya mgombea wa badala haitoki katika lugha yake, wala katika ukubwa wa chama chake. Hutoka katika dai ambalo wapiga kura wamemkabidhi alibebe. Wateuzi wanaoketi mbali, iwe Kinshasa, Geneva au Nairobi, huweza kumchagua mtu. Dai lenyewe huzaliwa Beni, Mambasa na Bunia, miongoni mwa watu wanaojua ni kitu gani wanataka kikome.