Wachekeshaji Waliotaka Kuitwa Waheshimiwa

Tarehe 20 Oktoba 2021 uwanja wa Wang'uru ulifurika watu. Sikukuu ya Mashujaa ilikuwa imeletwa Kirinyaga, na mji huu wa mchele wa pishori, ambao wenyeji wengi bado wanauita Ngurubani, ukawa mwenyeji wa taifa zima kwa siku moja. Hotuba ya Rais Uhuru Kenyatta iligusa mengi, kama zilivyo hotuba za sikukuu, lakini jambo lililokumbukwa ni moja tu: kafyu iliyokuwa ikiwafungia Wakenya ndani usiku tangu Machi 2020 ilikuwa imeondolewa, papo hapo, nchi nzima. Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Wenye baa walishangilia, na wenye matatu za usiku vilevile. Wachekeshaji nao walikuwa na sababu zao. Kazi yao hufanyika watu wakishatoka kazini, na kwa mwaka mmoja na nusu kumbi zilikuwa zimefungwa au zimetakiwa kumaliza shughuli mapema. Miezi kumi baada ya siku ile ya Wang'uru, tarehe 9 Agosti 2022, Kenya ikaenda kupiga kura. Watu wawili waliojulikana kwa kuvunja watu mbavu kwenye runinga walikuwa kwenye karatasi za kura za ubunge, mmoja Lang'ata jijini Nairobi, mwingine Imenti Kusini, chini ya Mlima Kenya. Mmoja alishinda. Mwingine alianguka, tena nyumbani kwao. Ili kuelewa kwa nini, inabidi turudi nyuma miaka zaidi ya ishirini.

Kwa muda mrefu kicheko cha runinga ya Kenya kilikuwa na mipaka yake. Kituo kilikuwa cha serikali, Sauti ya Kenya na baadaye KBC, na vipindi kama Vitimbi na Vioja Mahakamani vilicheka ndoa, ulevi, ujanja wa kijijini na hakimu asiye na subira. Benson Wanjau, aliyejulikana nchi nzima kama Mzee Ojwang', alikuwa Mkikuyu aliyeigiza mzee wa Kijaluo kwa ustadi ambao ungempa mwanasiasa yeyote wivu. Lakini Rais hakuguswa. Hata baada ya KTN kufunguliwa mwaka 1990 na vyama vingi kurudi mwishoni mwa 1991, sauti ya Daniel arap Moi ilibaki kitu cha kuigwa nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Waliofungua mlango huo walikuwa vijana watatu waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta: Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie. Walijiita Redykyulass, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaingia kwenye runinga ya Nation iliyokuwa changa wakati huo. Mong'are, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina la Nyambane, alimvaa Moi mzimamzima: rungu mkononi, kikohozi cha kusafisha koo, kiganja kilichoinuliwa kabla ya sentensi kuanza, na ule mkokoto wa maneno uliowafanya watazamaji wacheke hata kabla ya mzaha wenyewe kufika. Leo, baada ya vikaragosi vya XYZ Show vilivyoanzishwa na mchora vibonzo Gado mwaka 2009, na baada ya miaka ya utani wa mitandaoni, ni vigumu kumweleza kijana wa miaka ishirini uzito wa jambo lile. Moi alikuwa bado Ikulu. Aliondoka mwisho wa mwaka 2002.

Wa kwanza kati ya hao watatu kulitamani bunge kwa dhati alikuwa Kiarie, KJ kwa mashabiki, ambaye pia alikuwa mchora vibonzo. Mwaka 2007 aligombea ubunge wa Dagoretti kwa tiketi ya ODM, chama cha Raila Odinga. Hapo ndipo penye somo la kwanza la hadithi hii. Dagoretti ilikuwa na kura nyingi za Wakikuyu, na mwaka huo kura hizo zilikuwa na mwenyewe: Mwai Kibaki wa Othaya, Nyeri, akitetea urais kwa chama cha PNU. Mpinzani wa KJ alikuwa Beth Mugo, mpwa wa Jomo Kenyatta na mbunge aliyekuwa kitini. Kijana alikuwa na jina, uso na ulimi. Mama alikuwa na chama kilichokubalika. Mama akarudi bungeni.

Miaka kumi ikapita. Dagoretti ikagawanywa kuwa Kaskazini na Kusini, na mwaka 2013 Dagoretti Kusini ikachukuliwa na Dennis Waweru wa chama cha TNA. Mwaka 2017 KJ alirudi kwa njia nyingine kabisa: alimshinda Waweru kwenye kura ya mchujo ya Jubilee, chama cha Uhuru Kenyatta na William Ruto, na mahali ambapo mchujo wa Jubilee ulikuwa ndio uchaguzi wenyewe, Agosti ilibaki kuwa ya kukamilisha hesabu. Mwaka 2022 alihamia UDA ya Ruto upepo ulipogeuka, akashinda tena. Mtu ni yuleyule, na vichekesho ni vilevile. Kilichobadilika ni rangi ya fulana za kampeni.

Ukanda wa Mlima Kenya ulikuwa na njia yake nyingine ya kutengeneza majina. Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, Inooro ikafuata, na redio ndogo ikawa rafiki wa mkulima shambani, pamoja na wale wanaoinama kwenye majaruba ya mpunga ya Mwea tangu alfajiri. Runinga ya Kikuyu ilichelewa sana. Inooro TV ilianza Oktoba 2015. Ndiyo maana Gathoni Wamuchomba, aliyechaguliwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kiambu mwaka 2017 na mbunge wa Githunguri mwaka 2022, alitoka kwenye redio. Msikilizaji wa redio humsikia mtangazaji kila siku akiongea kwa lugha ya mama kuhusu bei ya maziwa na mbolea, wakati mwigizaji wa runinga huonekana mara moja kwa wiki, akiwa amevaa kofia ya mtu mwingine. Kisiasa, tofauti hiyo si ndogo.

Ukitoka Makutano ukapita Wang'uru na vibanda vyake vya mchele, barabara ile ile inakupandisha Embu, inakuvusha Chuka na kukufikisha Nkubu, katikati ya Imenti Kusini. Huko ndiko alikojaribu bahati yake Jasper Muthomi, MC Jessy, aliyejulikana kupitia kipindi cha vichekesho cha Churchill Show. Kiti kilikuwa wazi, kwa kuwa mbunge Kathuri Murungi alikuwa anaelekea seneti. Jessy alianza akiwa upande wa UDA, na mazingira yalionekana kumpendelea: Meru, kama sehemu kubwa ya Mlima Kenya, ilikuwa inaelekea kwa Ruto.

Kisha siasa ikamfundisha yale ambayo jukwaa halifundishi. Katika mkutano wa hadhara, Naibu Rais Ruto alitangaza kwamba Jessy amekubali kumwachia mgombea mwingine wa UDA na kujiunga na timu ya kampeni ya urais. Mchekeshaji, aliyezoea kushika kipaza sauti mwenyewe, alijikuta amesemewa. Baadaye alijitokeza kusema hajamwachia mtu, akasimama kama mgombea huru. Mgombea huru hukodisha magari yake mwenyewe, hutafuta mawakala wake katika kila kituo, na jina lake likisomwa hakuna kauli mbiu inayojibu kutoka kwa umati. Mcheza kwao hutuzwa, husema wahenga. Imenti Kusini ilimtuza makofi, ikampa kura Shadrack Mwiti Ithinji wa Jubilee, chama ambacho wengi walikuwa wamekwisha kukizika mlimani. Kura za upande wa Ruto zikigawanyika, hata aliyezikwa huokota kiti.

Siku hiyo hiyo Lang'ata ilikuwa inamtuma bungeni mtu ambaye jina lake lilitoka moja kwa moja kwenye igizo. Phelix Odiwuor alikuwa Jalang'o wa Papa Shirandula, kipindi cha Citizen TV kilichoongozwa na Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020. Mhusika akamla mwigizaji: redioni aliitwa Jalang'o, matangazo ya biashara yalimwita Jalang'o, na hata leo ni wachache wanaomwita Odiwuor bila kujikwaa. Lakini jina lile lilikuwa na tiketi ya ODM mgongoni, mwaka ambao Raila mwenyewe alikuwa anagombea urais, na kwa tiketi hiyo alimwondoa Nixon Korir wa UDA. Chama kilichompandisha hakikukawia kumkumbusha. Februari 2023 alikwenda Ikulu kumwona Rais Ruto pamoja na wabunge wengine wa ODM, na Septemba mwaka huo chama kikatangaza kuwafukuza.

Na Nyambane? Mwigaji wa marais alitaka urais wenyewe. Mwaka 2022 alijitokeza kwa chama cha Umoja Summit, tume ya uchaguzi, IEBC, ikamwidhinisha, kisha ndani ya siku chache ikabatilisha uamuzi wake kwa sababu ya shaka juu ya shahada yake ya chuo kikuu, ambayo sheria inaidai kwa kila anayetaka urais. Karatasi ya kura ilitoka na majina manne, lake halikuwemo. Jirani zetu wa Uganda waliwahi kuyaona hayo: Kato Lubwama, mwigizaji na mchekeshaji aliyekuwa mbunge wa Lubaga Kusini kuanzia 2016 hadi 2021, alitumia sehemu ya muda wake akijitetea mahakamani kuhusu vyeti vyake vya shule.

Mashabiki wa wasanii hawa hupenda kutaja Ronald Reagan, aliyetoka kwenye filamu na runinga hadi ugavana wa California na kisha White House, au Volodymyr Zelenskyy, aliyeigiza rais kwenye tamthilia na mwaka 2019 akawa rais wa Ukraine kwa asilimia 73 ya kura. Mifano mizuri, ila inasahaulika kwamba Reagan alikuwa ameongoza chama cha waigizaji na kuhutubia kwa miaka mingi kabla ya kuomba kura, na Zelenskyy aligombea kwa chama kilichobeba jina la tamthilia yake. Hakuna aliyepanda lori la mtu mwingine.

KJ bado yuko bungeni. Baada ya uchaguzi wa 2022 alikabidhiwa uenyekiti wa kamati ya mawasiliano, habari na ubunifu, kamati inayopitia sheria za utangazaji. Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, alisimama bungeni akatilia shaka picha za maandamano zilizokuwa zikienea mitandaoni. Jibu lilikuja kabla jua halijatua. Vijana ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa Nyambane alipomwiga Moi kwa mara ya kwanza walimgeuza KJ kuwa kichekesho, kwa picha, kwa sauti za kuigiza, kwa video za sekunde chache, na hawakuhitaji kituo cha runinga kuwapa nafasi. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027.