Mkasi wa Bakteria na Habari ya Mkuzi

Miaka 70 hivi imekwisha pita tangu daktari David Clyde alipoona, katika kijiji cha Mkuzi wilayani Muheza, mkoani Tanga, kwamba vimelea vya malaria vimeacha kuijali dawa ya pirimethamini, waliyogawiwa wanakijiji iwe kinga yao; walakini sababu ya uasi ule haikudhihirika mpaka wataalamu walipopata, kutoka kwa bakteria, vimeng'enya vinavyoikata DNA mahali maalumu.

Ugunduzi wa vimeng'enya hivyo ulianza kwa ajali. Salvador Luria ameeleza katika tawasifu yake ya mwaka 1984 kwamba alikuwa akichunguza virusi waliowaua bakteria fulani wa jamii ya E. coli bila kuonekana kuacha mzao wowote. Siku moja kichupa chake chenye bakteria wa majaribio kikavunjika, na kwa kuwa hakupenda kungoja, akaazima kwa mwenzake Giuseppe Bertani bakteria wa kuhara damu, wa jamii ya Shigella; la ajabu, virusi waliodhaniwa wametoweka wakazaana humo tele. Kumbe mzao ulikuwapo, ila umetoka na alama iliyoufanya ukataliwe na bakteria wa awali, ilhali Shigella waliupokea bila hoja. Luria na Mary Human wakayatangaza hayo mwaka 1952, na mwaka uliofuata Bertani na Jean Weigle wakathibitisha jambo kama hilo kwa virusi wengine.

Mwaka 1962 Werner Arber na Daisy Dussoix, huko Geneva, wakabainisha kwamba DNA ya virusi wageni huvunjwavunjwa ndani ya bakteria. Mwaka 1970 Hamilton Smith na Kent Wilcox wakakipata kimeng'enya kinachokata DNA penye mfuatano maalumu wa herufi tu. Na mwaka 1971 Kathleen Danna na Daniel Nathans wakaikata DNA ya kirusi SV40 vipande 11. Tuzo ya Nobel ya 1978 wakapewa Arber, Nathans na Smith. Dussoix na Danna, mabibi wawili, hawakupata fungu, na insafu haikutimia.

Kimeng'enya EcoRI, ambacho umbo lake lilitangazwa mwaka 1986, ni nusu mbili zilizo sawa zinazoikumbatia DNA, na kwa msaada wa magnesi hukata kila zisomapo GAATTC; bakteria naye huilinda DNA yake mwenyewe kwa kutia methili katika herufi A.

Hapo ndipo tunaporudi Muheza. Katika kinasaba cha kimelea kinachoitii pirimethamini, kuanzia kodoni ya 108, pameandikwa AGCTGG, na kimeng'enya AluI, ambacho hutaka AGCT, hukata. Katika kimelea kaidi herufi moja imegeuka, ikawa AACTGG, basi AluI hupita bila kugusa, na badala yake hukata BsrI, ambacho hutaka ACTGG. Hivyo tone la damu latosha kumtambulisha mwasi.

Dawa ya SP, ambayo pirimethamini ni mojawapo ya dawa mbili zilizomo, ikafanywa tiba ya kwanza ya malaria nchini Tanzania mwaka 2001, na mwishoni mwa 2006 dawa mseto ya ALu ikashika nafasi yake. Hata sasa wajawazito hupewa SP kuwa kinga.

Majina ya Arber na Smith yamo vitabuni, na yanastahili. Walakini Mkuzi, ambako damu ya watu wetu ilitoa onyo mapema, hutajwa kwa nadra. Mwalimu wa biolojia wa Tanga anapofundisha vimeng'enya hivi na aache kutafuta mfano ng'ambo, maadamu herufi ile moja, G iliyogeuka A, ni sehemu ya tarikhi ya mkoa wake.