Line moja, maana kibao: Ukiulizwa "line gani?" kati ya Embu na Meru, usikimbilie kujibu

Cheki hii stori. Uko steji ya Embu asubuhi, unaelekea Meru. Makanga anakushow, "Panda hii, ndio iko line." Ukishakaa, beshte yako anapiga anataka kujua uko na line gani ndio akutumie fare. Na kabla mfike Meru town, gari itavuka line ingine ambayo hata haionekani kwa lami. Neno ni moja tu, "line" ya Kiingereza, na sisi tushaizoea hadi tunaiandika "laini". Sasa wacha tuzipange moja moja.

1. Line ya uzi
Hapa ndipo yote ilianza. Kwa Kilatini, linum ni kitani, na linea ni uzi wa kitani. Ukiona fundi wa mjengo amevuta kamba kwa misumari miwili ndio ukuta usipinde, hiyo ndiyo line ya asili. Zingine zote zimetoka kwa hiyo picha: kitu kinachonyooka kutoka hapa hadi pale.

2. Line ya mathree
Gari iliyo line ndiyo inabeba sasa hivi. Zingine zinangoja zamu. Lakini ukisikia "gari za line ya Chuka", hapo ni barabara wanayofanyia kazi. Kwa hivyo ukiambiwa gari haiko line, usiingie ukajifungia mkanda. Utakaa hapo hadi usinzie.

3. Line ya ikweta
Embu iko kusini mwa ikweta, Meru town iko kaskazini, tena kidogo sana. Ukishapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, hiyo line utaivuka kabla uingie Meru. Hakuna mtu aliichora chini, lakini ramani zote za dunia zinaitambua.

4. Line ya foleni
Hii ni ya benki, hosi na ofisi za serikali. Lakini waulize wazazi wako kuhusu 1988. Mwaka huo, kwa uteuzi wa KANU, hakukuwa na kura ya siri. Watu walisimama nyuma ya wagombea wao wakahesabiwa, na aliyepita asilimia 70 alienda bunge moja kwa moja bila kupigiwa kura tena. Iliitwa mlolongo, na malalamiko makubwa yalikuwa kwamba mahali pengine line fupi ilitangazwa imeshinda ndefu. Kwa hivyo mzee akikwambia haamini line, hasemi kuhusu simu.

5. Laini ya ngozi
Hii usichanganye. Ngozi laini, ugali laini, sauti laini: hilo neno si la Kiingereza kabisa. Limetoka kwa Kiarabu, layyin, yaani kitu kisicho kigumu. Ni maneno mawili yaliyokutana Kenya yakafanana sura, kama wasee wawili wa jina moja ambao hawana undugu.

6. Line za mistari
Rapa anachana mistari. Na kijana akimkatia dem, tunasema anatupa mistari. Hapa tulichukua "line" tukaitafsiri kabisa, na ikakubali.

7. Laini ya simu
Sasa hii ndiyo inaweza kukuletea shida. Kwa sheria za usajili, kila laini lazima iwe na jina na ID ya mtu. Na tangu M-Pesa ianze 2007, laini si ya kupiga tu, ni mfuko wa doh. Kwa hivyo laini ikitumika kuibia watu, jina linaloangaliwa kwanza ni lile lililosajiliwa, hata kama mwenyewe hajawahi kuishika.

Jicheki leo. Piga *106# ufuate maelekezo. Utaonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa ID yako kwa huo mtandao. Ukiona namba usiyoijua, iripoti kwa mtandao mara moja, na uende na ID yako kwa duka lao. Na usikubali kumsajilia mtu baki laini kwa jina lako, hata akikupea soo mbili na story tamu. Hiyo soo mbili itaisha kwa chai na mandazi, lakini jina lako litabaki hapo.

Kwa hivyo ukiulizwa line gani, angalia kwanza nani anauliza. Makanga anataka kujua unaenda wapi. Beshte anataka namba. Lakini kama ni afande anauliza, "Hii line ni yako?", hapo unafaa uwe ushajua jibu kitambo.